Kufa Bure: Kwa Nini Anime Nyingi za Magemu Hazina Ladha

Mashabiki wa magemu tuna maradhi yetu. Studio ikitangaza tu kwamba gemu fulani linatengenezewa anime (katuni za mtindo wa Kijapani) ama filamu, tunaikimbilia trela na kuipekua kama maafisa wa forodha wa Kilindini wanavyopekua kontena. Koti lina rangi ile ile? Kovu liko jicho la kushoto au la kulia? Mbona upanga umefupishwa? Trela ya kwanza ya filamu ya Sonic, yule mnyama wa buluu wa magemu ya Sega, ilipotoka mwaka 2019, kelele juu ya sura yake na yale meno ya kibinadamu zilizidi hata mhusika akaundwa upya, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba hadi Februari 2020. Tukashangilia ushindi. Sonic akapata macho mazuri, na filamu ikawa ya kawaida tu.

Nitakalosema litawakera wengi ninaobishana nao maskani kila jioni, lakini acha niliseme: kuifuata hadithi ya gemu hatua kwa hatua hakuna thamani yoyote peke yake. Zitazame anime za magemu zilizofaulu. Karibu zote zimetoka kwenye magemu ambayo hayakuwa na hadithi ya maana, ama zimeiweka kando hadithi ya gemu zikajitafutia yao. Zile zilizonakili kwa adabu, nani anazikumbuka leo?

Chukua Castlevania iliyoanza Netflix mwaka 2017. Msingi wake ni gemu la tatu katika mfululizo huo, la mwaka 1989, enzi ambazo hadithi ya gemu zima ingeenea nyuma ya bahasha. Kuna Dracula, kuna ngome, kuna Trevor Belmont na mjeledi wake. Panda ngazi, ua mazimwi, panda tena. Sasa angalia waandishi walichofanya. Sehemu ya kwanza karibu yote wamempa Dracula. Tunamwona na mkewe Lisa, mwanamke wa elimu na tiba, ambaye walimwazima kutoka gemu la mwaka 1997. Kanisa linamchoma moto kwa tuhuma za uchawi, na yule bosi wa mwisho, adui mkubwa wa gemu, tuliyezoea kumchapa bila kumjua wala kumuuliza, sasa ana msiba. Trevor anaingia mwishoni, kalewa, yuko ndani ya baa. Grant, ambaye kwenye gemu ni mwenzao wa nne, hawakumtia kwenye kundi. Sijamsikia mtu akimlilia Grant.

Arcane nayo ni hivyo hivyo. League of Legends lipo tangu mwaka 2009, na kazi yako humo ni timu ya watu watano kubomoa minara ya watano wengine. Vi na Jinx walikuwa na aya chache za maelezo na maneno ya kejeli wanayotupiana vitani, basi. Kutokana na hizo aya, Riot Games, wenye gemu, na studio ya Fortiche ya Paris wakajenga miji miwili inayochukiana, wakajenga ndugu wawili waliolelewa kwenye mji wa chini, na mwaka 2022 mfululizo huo ukachukua tuzo ya televisheni ya Emmy ya katuni bora. Sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza, ambapo Powder, yaani Jinx akiwa bado mtoto, anakwenda kuwasaidia wenzake na bomu lake mwenyewe linawamaliza wale wale aliokwenda kuwaokoa, hiyo nimeitazama na watu wazima wenye watoto wao na hakuna aliyeguna. (Msimu wa pili, wa mwaka 2024, kwangu mimi uliharakishwa. Walikuwa na hadithi ya misimu miwili, wakaibana kwenye sehemu tisa, watu wakawa wanakufa na kupatana kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Wanaosema umeushinda wa kwanza wamevutwa na rangi.)

Kwa nini basi gemu lenye hadithi nyembamba lizae anime nene? Jibu langu sikulipata kwa wahakiki wa Marekani. Wao wakiandika kuhusu magemu, mchezaji wanayemfikiria ni kijana aliyejifungia chumbani na mashine yake peke yake. Hapa Mombasa wengi wetu hatukukua hivyo. Ukienda Majengo, Kisauni, Likoni au Changamwe, gemu limekaa kwenye kibanda cha PS, yaani PlayStation: mabati, televisheni mbili tatu, benchi la mbao, na pedi za kuchezea ambazo mpira wa kijiti cha analogi umeshaliwa ikabaki plastiki tupu inayochubua kidole gumba. Unalipa kwa mechi. Anayeshindwa anatoka, anayeshinda anabaki kungoja wa kumtoa. Kwa kila wawili wanaocheza, kuna kundi zima limekaa benchi, na baadhi yao hawana shilingi ya kucheza siku hiyo wala hawajifichi kwa hilo. Wamekuja kutazama.

Yaani sisi gemu tumelitazama kabla ya kulicheza. Tekken 3, gemu la mapigano ya wawili, tuliisoma kwa macho. Ulijua mtu akimchagua Eddy Gordo lazima benchi ligune, kwa sababu Eddy ni wa kubonyeza ovyo ovyo na miguu inafanya kazi yenyewe, na anayeshinda kwa Eddy haheshimiwi hata akiwatoa watu kumi. Sheria hizo hazikuandikwa popote na kila mtu alizijua.

Benchi lile lina jambo moja ambalo waandishi wa anime wangefaa kuja kulitazama. Halina subira na hadithi. Zile picha za katikati, wahusika wakianza kuelezana nani alimuua babake nani, utasikia sauti kutoka nyuma: "Ruka hiyo, ruka!" Mwenye kibanda naye hataki, maana zinamlia stima na muda. Kinacholinyamazisha benchi ni kingine. Ni pale kijana ambaye kila mtu anajua hana sarafu nyingine mfukoni amebakiwa na damu kidogo kwenye ule mstari wa juu, na mpinzani wake hajaguswa. Hapo hata anayekula viazi karai anasitisha kutafuna. Mwenye mashine nyumbani, mhusika wake akifa, anabonyeza kitufe anaanza tena. Kibandani kufa ni pesa. Ni kuinuka, ni kuchekwa, ni kukaa kungoja zamu ambayo huenda isije kabla ya magharibi.

Nadharia yangu ndiyo hiyo. Gemu linaweza kukufanya ufe mara hamsini bila kukuchosha kwa sababu mikono yako ina shughuli. Kila kifo unajifunza kitu, vidole vinakuwa vyepesi zaidi. Anime ikilichukua gemu hilo, mikono haipo tena. Mtazamaji hana la kufanya ila kungoja. Kama mwandishi hakutafuta kitu kingine cha kulipwa badala ya zile juhudi za vidole, basi tunatazama mtu akifa bure na akishinda bure. Na gemu lenye hadithi nene ndilo linalomponza mwandishi zaidi, maana linampa matukio tele ya kunakili, anadhani kazi imekwisha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Cyberpunk: Edgerunners, sehemu kumi tu, kazi ya Studio Trigger, mwaka 2022. Gemu lenyewe, Cyberpunk 2077, lilitoka Desemba 2020 likiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony waliliondoa kwenye duka lao la PlayStation kwa miezi sita. Humo ndani unacheza kama V, unajitia vyuma mwilini: mikono ya mapanga, macho ya kuona mbali, uti wa mgongo wa kupunguza mwendo wa wakati. Kila chuma ni nguvu ya ziada. Watu wa mjini wanaambiwa kwamba vyuma vikizidi mtu anarukwa na akili, unapambana na waliorukwa, lakini wewe V unajipachika unavyotaka na akili yako ni ile ile. Gemu lingefanyaje? Lingemnyang'anya mchezaji pedi?

Trigger wakamwacha V kabisa. Wakamchukua David Martinez, kijana wa shule ya matajiri ambaye mamake anajiua kwa kazi ili alipe karo, na mama mwenyewe anafariki mapema. David anajipandikiza chuma mgongoni. Kuanzia hapo anime inafanya kile ambacho gemu halikufanya: inatoza. Kila nguvu anayoiongeza tunaona mkono unaanza kutetemeka, tunaona dawa za kutuliza zinaongezeka, tunamwona Maine, mkubwa wa kundi lao, akipotea mbele ya macho yetu ili tujue njia inaelekea wapi. Anime haifuati tukio hata moja kubwa la gemu. Na bado baada ya kutoka, CD Projekt, watengenezaji wa gemu, walitangaza wachezaji milioni moja kila siku kwa wiki kadhaa kwenye gemu ambalo watu walikuwa wamelizika. Watu walirudi Night City, mji wa gemu hilo, kutafuta alikokaa David.

Linganisha na Persona 5. Gemu lile la mwaka 2016 ni la masaa mia, na utamu wake uko kwenye kalenda: leo baada ya shule utakwenda kwa rafiki, utafanya kibarua, au utasoma? Siku ni chache, na kila unachokichagua kuna kingine umekiacha. Anime ya mwaka 2018 ilileta matukio yote kwa mpangilio, ikaleta mavazi, ikaleta muziki. Kalenda ikafa. Kijana anakutana na kila mtu, kila mtu anampenda, hakuna alichokikosa. Nilijilazimisha kuimaliza. Cha ajabu ni kwamba mfululizo huo huo ulikwisha kufaulu miaka saba kabla. Persona 4: The Animation ya mwaka 2011 nayo inafuata hadithi ya gemu, ila ilishughulika na tatizo moja ambalo ndugu yake alilikwepa: mhusika mkuu wa gemu ni bubu, kwa sababu mdomo wake ni wa mchezaji. Wakampa Yu Narukami uso mkavu na utani wa ajabu, mtu anayefanya mambo ya kipuuzi kabisa bila kutabasamu. Hapo pengo la mikono likajazwa na mtu.

Kuhusu Tekken: Bloodline ya mwaka 2022 sina mengi. Sehemu sita, Jin anampoteza mamake Jun kwa Ogre, anakwenda kwa babu yake Heihachi, anafunzwa, anaingia mashindanoni. Ni Tekken 3 yetu ile ile, na kwa sisi wa kibandani ilipaswa kututoa machozi. Ikapita kama tangazo la sabuni.

Sasa mtu atasema, na Steins;Gate? Gemu la mwaka 2009, la kusoma zaidi ya kucheza, hadithi nene kama nini, na anime ya mwaka 2011 imeifuata vizuri sana na ni miongoni mwa anime bora za muongo ule. Kweli. Lakini tazama hadithi yenyewe inahusu nini. Okabe amepata njia ya kurudisha kumbukumbu zake nyuma ya wakati. Rafiki yake Mayuri anakufa. Anarudi, anambadilishia njia, Mayuri anakufa tena kwa namna nyingine. Anarudi tena. Yeyote aliyewahi kusevu gemu mlangoni kwa bosi anaijua tabia hiyo, ila sisi tukirudia tunasahau kilichopita, na Okabe anakumbuka vifo vyote. Wamekitoa kitufe cha kurudia kwenye pedi wakakivisha shingoni mwa mtu mmoja, na tunaona kinavyomzeesha. Sioni kama inaipinga hoja yangu. Kwangu ndiyo hoja yenyewe imevaa koti jeupe la maabara.

Hata The Last of Us ya HBO, ambayo si anime lakini kila mtu anaitaja ukianza ubishi huu, inasifiwa kwa uaminifu wake, na sehemu yake inayozungumzwa zaidi ni ya tatu, ambayo waliibadilisha kabisa. Kwenye gemu la mwaka 2013, Bill ni mzee mwenye hasira aliyebaki peke yake, na Frank tunamkuta ameshakufa. Kwenye mfululizo wa mwaka 2023 wanapewa maisha mazima pamoja na kifo cha uzeeni. Mmoja wa waliouunda mfululizo huo, Neil Druckmann, ndiye mwandishi wa gemu. Mwenye hadithi yake alikubali kuipangua, na sisi mashabiki ndio tunaoshika bunduki mlangoni.

Pesa nazo zitatajwa. Filamu ya Mario ya mwaka 2023 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 kwa kuonyesha kila kitu ambacho mashabiki walitaka kukiona, bila kumtoza Mario hata jino. Sawa. Ile ya mwaka 1993, ya watu halisi, iliyokwenda mbali na gemu kupita kiasi, ilianguka vibaya. Wenye hoja ya uaminifu wanaipenda sana jozi hii. Mimi naona 1993 walipotea kwa sababu waliona haya kutengeneza filamu ya Mario, na hilo ni kosa jingine. Na ile ya 2023 niliitazama na wapwa zangu, wakafurahi, na kufika nyumbani walikuwa wameshahamia kitu kingine.

Upande wa pili wa barabara, yaani anime inayogeuzwa gemu, mambo yako kinyume na mashabiki hawalioni. Vijana wengi hapa walimjua Naruto kwa pedi. Vita vya mwisho vya Naruto na Sasuke, wao walivipigana kwenye Ultimate Ninja Storm 4, la mwaka 2016, kabla hawajaona sehemu yoyote ya Shippuden, anime yenyewe. Nimewatazama wakivipigana. Vita ni virefu, kuna mahali pa kubonyeza vitufe kwa haraka mpaka mkono unauma, na mwisho wale vijana wawili wa kwenye skrini wamechoka, wanatupiana ngumi nzito za polepole, na walioshika pedi nao wamechoka, wanapangusa viganja kwenye suruali. Anime yenye mamia ya sehemu haiwezi kukupa uchovu ule. Dragon Ball imesimuliwa upya kwenye magemu mara nyingi hata Frieza, adui wake mkubwa, mwenyewe angechoka, ila Sparking! Zero la mwaka 2024 lilipata akili ya kuweka matawi: Goku, shujaa wake, akikataa kuungana na hasimu yake Piccolo dhidi ya Raditz, hadithi inageuka njia. Hilo ni la mikono. Anime ikilifanya itakuwa inadanganya.

Solo Leveling, anime ambayo sasa utaona stika zake kwenye tuktuk kuanzia Mwembe Tayari hadi Bamburi, haikutoka kwenye gemu. Ni riwaya ya Kikorea. Lakini inatazamwa kama gemu la mwenzio, umekaa nyuma ya bega lake unahesabu levo. Ni kukaa benchi tu. Mwanzoni ilitoza: yule Jinwoo dhaifu kwenye hekalu la masanamu, mguu umekatika, wenzake wamemkimbia. Baadaye anakuwa na nguvu kiasi kwamba hakuna kinachomgharimu, na naona watu wanaendelea kupiga makofi. Mimi nimeteremka kituo kilichopita.

Kwetu je? Aprili 2024 lilitoka gemu la Tales of Kenzera: Zau, lililoongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya aliyemwigiza Bayek kwa sauti kwenye gemu la Assassin's Creed Origins. Unaweza kulicheza lote kwa sauti za Kiswahili, na wallahi mara ya kwanza kusikia mhusika wa gemu akimwita babake "Baba" bila lafudhi ya kuigiza, nilisimamisha gemu nikawaita watu. Salim alilitengeneza baada ya kufiwa na babake. Zau, mganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie babake, na kwa malipo atamletea roho kubwa tatu.

Mtu akilitengenezea anime, atataka kumfuata Zau: vinyago vya jua na mwezi, kuruka, kupigana, roho ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo itakuwa Bloodline nyingine. Kwenye gemu hasira ya Zau iko vidoleni. Unakufa, unarudia, unakufa, na ile hasira yako ya kushindwa ndiyo inayokuonjesha msiba wake. Mtazamaji hatakuwa nayo. Ila gemu limeacha mlango. Hadithi yote ya Zau imo ndani ya kitabu kilichoandikwa na baba wa kijana mwingine, Zuberi, aliyefiwa hivi karibuni, na Zuberi tunamwona kidogo mno. Huyo ndiye wa kupewa sehemu kumi. Kijana mwenye kitabu cha marehemu babake mkononi, kila ukurasa anaoufungua unampunguzia kurasa zilizobaki za sauti ya babake. Akisoma haraka anajua mwisho. Akisoma haraka babake anaisha. Malipo yameshapatikana bila upanga kuchomolewa.

Wakianza na Zau akipigana ufukweni, nitaandika tena na sitakuwa mpole. Wakianza na Zuberi, nitalipia usajili wa mwezi mzima kwa pesa zangu, niache kutumia akaunti ya binamu.